Nyumba Isiyonywewa Chai

Jumamosi ni siku ya kula katika soko la Thimphu, mji mkuu wa Bhutan, kwa hiyo ni siku mbaya kuliko zote ya kumwomba mtu asile. Lhaden, mpimaji wa maabara ya hospitali, alilisema hilo kikaoni, kwa sauti ya kawaida na kwa sababu zake. Wakuu wake wakatikisa vichwa kukubali, kisha wakampanga Jumamosi. Ndiyo maana asubuhi ile ya vuli alikuwa amesimama nyuma ya meza ya plastiki, katikati ya muuza pilipili kavu na muuza jibini. Mbele yake ilikuwepo mifuko ya kupulizia, ya buluu na ya waridi, na pembeni bango la kitambaa lililoandikwa PIMA TUMBO LAKO LEO.

Watu walipita wakitafuna. Kikongwe mmoja alipuliza mfuko kwa bidii mpaka akakaa chini. Wengi walicheka wakaenda zao.

"Dada, hapa mnanunua nini?"

Aliyeuliza alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, amevaa gho, lile joho la wanaume linaloishia magotini, la kijivu lenye miraba, limefungwa kiunoni sawasawa, mikono myeupe ya nguo imekunjwa bila doa. Katika mfuko mkubwa wa kifuani, ambamo wanaume wengine hutia simu na tambuu, kulikuwa na futi ya fundi cherehani, ncha yake ikining'inia kama mkia wa panya.

"Hatununui," alisema Lhaden. "Tunapima. Unapuliza mfuko huu, unakunywa dawa kidogo, unasubiri nusu saa, unapuliza huu mwingine."

"Kumbe mnanunua pumzi. Za watu wa mjini tu, au hata za sisi wa mashariki?"

"Za yeyote ambaye hajala. Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Wali na pilipili kwa jibini. Halafu pilipili tena, bila jibini."

"Basi hupimiki leo."

"Nimeponea chupuchupu!" Muuza pilipili akacheka kwa sauti. Yule bwana hakuondoka. Aliinamisha kichwa, akashusha sauti. "Ila dada, samahani, nisionekane mtovu wa adabu. Mkanda wako unafunguka."

Lhaden akashika kiuno. Kira yake, kitambaa kirefu cha kike cha kujizungushia mwilini, cha kijani kibichi chenye mistari myekundu, ilikuwa imeanza kulegea ubavuni. Kabla hajajua aelekee wapi katikati ya umati ule, yule bwana alikwisha kushika pembe ya bango, akalivuta mpaka likawa pazia, akageuka na kuutazama mto uliopita kando ya soko kana kwamba hajawahi kuuona. Lhaden alijifunga upya. Alipomaliza, bango lilirudishwa mahali pake na mwenyewe alikuwa akinunua vitunguu.

"Duka langu liko juu ya duka la dawa, karibu na mnara wa saa," alisema bila kumtazama. "Naitwa Leki. Mkanda ukikusumbua tena, njoo."

Mkanda haukumsumbua tena. Alikwenda hivyo hivyo.

Alibeba gho kuukuu ya rangi ya damu ya mzee, akataka ikatwe iwe koti lake la kuvaa juu ya kira. Dukani mlinukia pasi ya moto, na redio ilikuwa ikitangaza mashindano ya mishale. Leki alitandaza nguo mezani, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole mgongoni, mahali gho inapokunjwa.

"Hii ya nani?"

"Ya mjomba. Haihitaji tena."

"Alikonda."

"Umejuaje?"

"Tazama. Kuna mistari miwili ya mikunjo. Huu wa nje umepauka, aliuvaa miaka mingi. Huu wa ndani ni mpya, uko mbali kabisa na ule. Mtu alianza kujikunja ndani ya nguo yake mwenyewe." Akainua macho. "Aliumwa?"

"Alihamia kusini," alisema Lhaden. "Kule kuna joto, watu hula kidogo."

Lhaden si mwongo mzuri. Kazi yake ni kusema kilichopo na kisichokuwepo. Lakini gho ile ilikuwa ya baba yake, na baba yake alikufa kwa saratani ya tumbo, iliyogunduliwa wakati alipokuwa hawezi kumeza chochote zaidi ya maji ya wali. Kulikuwa na kijana mmoja kabla ya Leki, mwalimu, mtu mwema. Mama wa kijana huyo aliuliza siku ya kwanza: "Na baba, alikufa kwa ugonjwa gani?" Lhaden akajibu ukweli. Siku ya pili haikuwepo. Tangu hapo, ukweli huo aliuweka mahali ambapo hauulizwi.

Leki hakuuliza zaidi. Alichukua chaki, akampima mabega, na futi ilipofika shingoni mkono wake ulikaa muda mrefu kidogo kuliko kazi ilivyohitaji.

Tangu siku ile simu ililia kila saa ya chakula cha mchana.

"Halo, daktari wa pumzi."

"Mimi si daktari, Leki. Nimekwambia."

"Halo, asiye daktari. Umekula?"

"Nimekula."

"Basi hupimiki leo."

"Wewe ndiye hujapimwa. Unaogopa nini?"

"Naogopa utaniona ndani na kunikataa. Nje nimejishonea vizuri, ndani sijui palivyo."

"Ndani huwa panafanana kwa watu wote."

"Maneno matamu hayo! Mwanamke mwingine angesema mimi ni wa pekee."

Alimchekesha, na Lhaden hakuwa mtu wa kuchekeshwa kirahisi. Walikula momo, vile vidonge vya unga vyenye nyama vinavyopikwa kwa mvuke, karibu na uwanja wa mishale, wakisikiliza washangiliaji wakimzomea mpigaji wa upande wa pili kuwa jicho lake limeolewa na jiwe. Leki alimwonyesha nguo za wapita njia na kumwambia nani ameazima na nani ameshonewa. Lhaden alimweleza kazi yake: kuna bakteria anayeishi tumboni, ndani ya asidi, mahali palipodhaniwa hapaishi kitu. Huingia mtu akiwa mtoto, mara nyingi kutoka kwa mama au ndugu, kwa mate, kwa kijiko, kwa chakula kilichotafunwa kwanza ili mtoto ameze. Akishaingia, hukaa. Huchubua ukuta wa tumbo polepole, miaka kwa miaka. Wengi wanaye na hawataumwa maisha yao yote. Wachache watapata vidonda. Wachache zaidi, saratani. Na dawa ipo.

"Kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto," alirudia Leki. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mara nyingi."

"Tuzungumze mengine, roho yangu. Ninakula."

Lhaden aliliona badiliko lile, akalihesabu kuwa ni kinyaa. Alikosea.

Majira ya baridi yalipoanza, Leki alipiga simu Jumapili asubuhi, akihema.

"Mama anataka kukuona. Leo. Sasa hivi, kabla hajabadili mawazo."

"Leo?"

"Lhaden, mama yangu hajawahi kumwita mtu nyumbani. Miaka yote. Amekwisha kuchemsha chai."

Siku hiyo ilikuwa na tatizo lake. Saa sita mchana wafanyakazi wa maabara walitakiwa kupimwa wao wenyewe, kisha mashine ipakiwe gari la wilayani. Lhaden alikuwa hajala tangu jana usiku, na hakutakiwa kula. Mwingine angeahirisha kimoja. Yeye aliamini kwamba vitu viwili vikipangwa vizuri huingia katika asubuhi moja. Akavaa kira ya hariri ya buluu, akatia bizimu za fedha mabegani, akaenda.

Leki na mama yake waliishi Olakha, pembezoni mwa mji, ghorofa ya tatu, juu ya gereji. Mama huyo, aliyeitwa Ama Yudon, yaani Mama Yudon, alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, nywele zimekatwa fupi kama za wanawake wa rika lake, shanga nzito shingoni. Nyumba ilikuwa imesafishwa mpaka ikang'aa kupita kiasi. Mezani palikuwa na bisi za mchele, mayai ya kukaanga, nyama kavu ya nguruwe kwa pilipili, chakula cha watu kumi, na hapakuwa na mgeni mwingine.

"Karibu, mwanangu. Utakunywa chai." Ama Yudon aliinua birika la chai ya siagi na chumvi.

Lhaden alifunika mdomo kwa kiganja, kama adabu inavyotaka. Mgeni hukataa kwanza.

"Asante, Ama. Nimeshiba."

"Kidogo tu."

"Asante. Kweli nimeshiba."

Na mara ya tatu, ambapo mgeni wa kawaida hushusha mkono na kuinua bakuli, Lhaden aliuacha mkono mdomoni. Angeweza kusema: nina kipimo saa sita. Lakini angeulizwa kipimo cha nini, na kwa nini yeye, na swali la tatu lingekuwa baba. Akatabasamu, akasema, "Siku nyingine, Ama."

Ama Yudon aliliweka birika chini taratibu sana. Lhaden aliona mambo mawili, maana alikuwa mtu wa kuona. Alimwona mama yule akimega yai, akatafuna muda mrefu, akameza kwa kujilazimisha, akaacha lililobaki. Na alimwona akibonyeza kidole gumba juu ya mkanda, chini ya mbavu, mahali pale pale baba yake alipokuwa akibonyeza.

Leki alimsindikiza mpaka chini. Teksi iliposimama ndipo alipouliza:

"Umeambiwa na nani?"

"Nimeambiwa nini?"

"Sawa," alisema Leki, akafunga mlango wa gari.

Kipimo cha Lhaden kilisema anaye bakteria. Hakushangaa. Alianza dawa jioni hiyo hiyo, vidonge vingi vya kutosha kuwa mlo, na ladha ya sarafu ikakaa mdomoni. Kilichomshangaza ni simu, ambayo saa ya mchana haikulia, wala kesho yake, wala juma zima.

Alimweleza Kezang, mwenzake wa maabara, ambaye kwao ni mashariki. Walikuwa wakiosha mirija.

"Mama yake anaitwa nani?" aliuliza Kezang.

"Ama Yudon."

Kezang akafunga bomba. "Mdogo wa umbo? Ana shanga za kahawia? Uu! Lhaden, mama wee. Na ulikataa chai?"

"Nilikuwa na kipimo."

"Kwani wao walijua? Sikiliza. Kule kwetu kuna nyumba zinazosemwa zina sumu. Wala si ya dukani. Iko ndani ya ukoo, mama humrithisha binti, hata asipotaka. Ukila kwao huanguki pale pale. Unaanza kukonda. Tumbo linauma mwaka, miaka miwili, chakula hakishuki, mpaka unakwisha. Kwa hiyo watu hawali kwao na hawaoi kwao. Yule mama walimfukuza kijijini kwa macho tu. Alikuja mjini na mtoto mgongoni."

Lhaden alilipanga aliloambiwa.

"Kezang, ulichonieleza ni saratani ya tumbo."

"Najua."

"Bakteria wake hurithishwa na mama kwa kijiko."

"Najua! Nina shahada kama wewe. Mama yangu ninayemtumia dawa naye anaye, na hakuna mtu anayemwita mchawi." Akafungua bomba tena. "Najua yote hayo. Na kwao nisingekunywa. Usinitazame hivyo."

Lhaden alitoka nje kwenye baridi, akapiga simu. Ilipokelewa mara ya nne.

"Leki, usikate. Sikujua habari ya nyumba yenu. Ningejua ningekunywa birika zima."

"Ulifunika mdomo mara tatu. Hata maadui wa bibi yangu walikuwa wakifunika mara mbili."

"Nilikuwa na sababu."

"Ipi?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Lakini mbele ya sababu yake aliona jambo kubwa zaidi, akaanza na hilo, kwa kuwa ndilo lililokuwa na haraka.

"Nitakwambia. Kwanza nisikilize: mama yako anaumwa tumbo. Nimemwona. Anahitaji kamera ya kuangaliwa tumboni, Leki, mapema."

Upande wa pili alisikia mkasi ukitua mezani.

"Hata wewe," alisema Leki.

"Sikutaja sumu!"

"Hukutaja. Umevaa koti la hospitali ukasema yale yale. Watu wakisikia mama ana tumbo watasema imemrudia mwenyewe. Unajua hilo? Usipige tena."

Alipiga tena. Alikwenda dukani, akakuta msichana wa kushona vifungo tu. Alipanda ghorofa ya Olakha, akagonga, akasikia hatua zikija mpaka mlangoni, zikasimama, zikarudi. Koti lilifika maabara limefungwa kwenye karatasi, limeshonwa vizuri kuliko nguo yoyote aliyokuwa nayo, bila salamu.

Mwingine angelia. Lhaden alilia kidogo, halafu akafikiri. Hoja haziwezi kumtoa mama yule ndani, maana kila hoja iliyoanza na neno tumbo ilikuwa tayari imetumiwa dhidi yake. Hospitali haiwezi kumlazimisha. Kilichomfunga ni bakuli la chai. Basi kitakachomfungua ni bakuli la chai, na lazima linywewe mbele ya wale wale wanaolikataa. Kila nyumba ina siku yake moja katika mwaka ya kusomewa dua, na siku hiyo mlango haufungwi. Akamuuliza Kezang siku hiyo ni lini kwa akina Leki, na Kezang, ambaye watu wa kwao humwambia kila kitu, alijua.

"Nikusindikize?" aliuliza Kezang.

"Ukitaka."

"Sitakunywa."

"Sijakuomba unywe."

Ngoma na baragumu zilisikika tangu gereji. Ndani, watawa walikuwa wakisoma, moshi wa ubani umejaa, na kando ya ukuta wamekaa watu wa kijijini waliohamia mjini. Walikuja, maana kutokuja ni ugomvi. Lakini kila mmoja alikuwa na lake: huyu amefunga, huyu anatumia dawa, huyu amekula njiani. Mabakuli yao, maana kila mgeni huja na lake, yalikaa sakafuni yamegeuzwa kifudifudi. Ama Yudon alipita na birika, akasimama mbele ya kila mmoja, akaona kiganja kikipanda mdomoni, akaenda kwa mwingine. Alifanya hivyo bila kuruka hata mtu mmoja. Alikuwa amekonda zaidi.

Leki alimwona Lhaden mlangoni, akasimama. Lhaden alikuwa amevaa koti la rangi ya damu ya mzee. Hakumtazama Leki. Alikwenda akakaa sakafuni, mbele ya watu wote.

"Ama, naomba chai."

Ama Yudon hakusogea. "Huna bakuli."

"Sikuja nalo. Nipe lako."

Mtu mmoja akakohoa. Ama Yudon alitoa bakuli lake la mti kwenye fundo la kira, akalijaza chai mpaka siagi ikachora duara juu. Lhaden alijua anachofanya. Alikuwa amemaliza dawa. Chai imechemka. Mtu mzima aliyepona ni nadra kuambukizwa upya. Aliyapima hayo yote kwa muda wa kuinua bakuli, na kama yangekuwa mabaya zaidi angekunywa vilevile. Akanywa mpaka chini.

"Nyingine, Ama."

Akanywa ya pili. Ya tatu akainywa taratibu, akila na bisi za mchele na nyama yenye pilipili iliyomtoa machozi. Watawa waliendelea kusoma, ila mmoja alipoteza mstari.

"Siku ile sikunywa," alisema Lhaden, "kwa sababu nilikuwa naenda kupimwa tumbo, na mtu hupimwa akiwa hajala. Sikusema, kwa sababu niliona aibu. Koti hili lilikuwa gho ya baba yangu. Si ya mjomba, Leki. Hakuhamia kusini. Alikufa kwa saratani ya tumbo."

Ama Yudon alikaa chini. Akauliza kile ambacho kila mtu pale chumbani angeuliza:

"Alikula kwa nani?"

"Kwao. Kwa mama yake. Kama nilivyokula mimi kwa mama yangu. Ni kijidudu, Ama. Katika nchi hii watu wazima walio nacho ni wengi kuliko wasio nacho. Mimi nilikuwa nacho. Siku ile nilitoka hapa nikapuliza, kikaonekana, nikameza dawa. Wengi mliokaa hapa mnacho, na hamkukipata katika nyumba hii, maana hamjawahi kunywa kitu katika nyumba hii."

Mzee mmoja alishusha kiganja chake, akakitazama.

Ama Yudon alianza kucheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, cha mtu asiyekizoea.

"Miaka yote hiyo," alisema. "Miaka yote nawachemshia, nawasogezea, wanafunika midomo. Na wenyewe wanayo majumbani kwao!" Akajifuta macho kwa mkono wa nguo. Kisha akashika mahali pale chini ya mbavu, akasema kwa sauti nyingine kabisa, akimtazama mwanawe: "Linaniuma, Leki. Tangu mvua zilipokatika. Nilikuwa nakuficha."

Leki alipiga magoti. Alimshika mama yake mkono, na kwa mkono mwingine akashika pindo la koti la Lhaden, lile aliloshona mwenyewe, kama mtu anayehakikisha mshono.

Kamera ilipita kooni mwa Ama Yudon juma lililofuata. Ilikuta uvimbe mdogo, upana wa kitufe, haujavuka ukuta wa tumbo. Daktari alisema hivyo bila tabasamu, ni saratani, imewahiwa, kisha akaeleza atakata wapi. Lhaden aliuliza maswali yote. Leki aliuliza moja tu: ingekuwaje wangengoja mwaka. Daktari akasema kwamba katika chumba kile huwa hapendi kujibu swali hilo, na Lhaden, aliyekuwa na jibu tangu utoto, alimshika Leki mkono chini ya meza.

Baada ya upasuaji Ama Yudon alirudi nyumbani na tumbo pungufu na sauti ileile. Aliagizwa ale kidogo kidogo, mara nyingi, na apunguze chumvi.

"Chai bila chumvi ni maji ya kuoshea birika," alisema.

"Punguza, Ama," alisema Lhaden. "Sijasema uache."

"Huyu bado hajaolewa na ameshaanza kuamuru jikoni."

Asubuhi moja ya masika Lhaden alifungua mlango wa maabara, akamkuta Leki kwenye benchi, amevaa gho mpya, nywele zimelowa maji, futi ya cherehani ikining'inia kifuani.

"Umekula?" aliuliza Lhaden.

"Sijala."

"Hata pilipili?"

"Hata kuinusa. Njaa inanitoboa. Nataka nipimwe."

"Leo imekuwaje?"

"Mtu anayetaka kuoa ajue ana nini tumboni."

Lhaden alichukua mfuko wa buluu, akaufungua polepole. "Unamwoa nani?"

"Mmoja hivi. Si daktari."

"Umemwuliza?"

"Namwuliza sasa. Lhaden, kipenzi changu, utanioa?" Kule kwao mwanamume ndiye huhamia kwa mke mara nyingi, na swali huulizwa hivyo hivyo.

Akampa mfuko. "Puliza."

Alipuliza. Akanywa kikombe cha dawa, akakunja uso.

"Na jibu?"

"Kipimo ni nusu saa," alisema Lhaden. "Sitoi majibu kabla ya wakati."

Leki alikaa kwenye benchi nusu saa nzima. Kila Lhaden alipopita na mirija, aliinua nyusi. Kila mara alijibiwa kwa mgongo. Alipopuliza mfuko wa waridi, Lhaden aliupeleka kwenye mashine, akasoma, akasoma tena, akarudi.

"Unaye. Utameza dawa kwa wiki mbili, bila kuruka hata kidonge kimoja. Na usiguse pombe, itakutapisha."

"Nimesikia. Na lile lingine?"

"Lile lingine ni ndiyo. Lakini ungoje umalize dawa. Siwezi kuolewa kwenye harusi ambayo bwana harusi anakunywa maji."

Huko nyuma, Kezang aliangusha kitu cha kioo.

Harusi ilikuwa ndogo, Olakha, juu ya gereji. Wa kijijini walikuja wachache. Mzee yule aliyetazama kiganja chake alikuja na bakuli lake, akaliweka likitazama juu, akanywa nusu. Ama Yudon alifika mbele ya Kezang na birika, akasimama kama alivyozoea kusimama, bila kusihi. Mkono wa Kezang ulipanda hadi kifuani, ukakaa hapo. Alimtazama Lhaden, aliyevaa koti la rangi ya damu ya mzee juu ya kira ya harusi na hakumsaidia kwa lolote. Kisha akashusha mkono, akainua bakuli.

Alikunywa macho yamefumbwa. Alipoyafumbua, Ama Yudon alikuwa bado amesimama.

"Ikoje?" aliuliza.

Kezang akalamba mdomo. "Haina chumvi, Ama."

"Mlaumu mkwe wangu," alisema Ama Yudon, akammiminia tena.